Nortiriptilini: Dawa Izaliwayo Ndani ya Ini



Mkulima wa korosho wa Mpapura, Tanzania, aliyepatwa na sonona, akipewa na tabibu tembe ya amitriptilini ya miligramu 25 aimeze usiku, hudhani, na ana haki ya kudhani, kwamba kitakachomtibu ni kile kile alichokimeza. Ilhali dawa hiyo ikishafika katika ini hukutana na kimeng'enya kiitwacho CYP2C19, nacho huiondolea kikundi kimoja cha methili kati ya viwili vilivyoshikamana na naitrojeni yake, na hapo huzaliwa dawa ya pili, nortiriptilini, yenye nguvu yake yenyewe ya kuizuia noradrenalini isirudi upesi ndani ya neva zilizoitoa, na yenye kukawia mwilini kupita mzazi wake. Tangu miaka ya 1960 nortiriptilini imeuzwa pia kwa jina lake, kama dawa kamili.

Kuiondoa mwilini ni kazi ya kimeng'enya kingine, CYP2D6, na taabu yote imo humo. Mwaka 1969 wataalamu wa Stockholm waliwapa mapacha nortiriptilini, wakaona kwamba mapacha wa kufanana, maadamu hawatumii dawa nyingine, huwa na kiasi kinachokaribiana sana damuni, na wasiofanana huachana. Kisha mwaka 1971 Marie Åsberg na wenzake wakabainisha kwamba nafuu kubwa iliwafikia wagonjwa wenye baina ya takriban nanogramu 50 na 140 katika mililita moja ya plazima, na waliozidi hapo, sawa na waliopungukiwa, hawakufaidika vile. Kumwongezea mgonjwa tembe, basi, kwaweza kumnyima nafuu ile ile aliyoifuata.

Watanzania nao walipochunguzwa mwishoni mwa karne iliyopita, ilidhihirika kwamba wengi wanazo aina za jeni la CYP2D6 zijulikanazo kwa nambari 17 na 29, ambazo ni nadra mno Ulaya na ambazo aghalabu hupunguza kasi ya kimeng'enya hicho. Na huko Ethiopia, Eleni Aklillu na wenzake walieleza mwaka 1996 kwamba kadiri ya watu 29 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na jeni hilo lililorudufika, ambalo huiharakisha kazi hiyo hiyo. Hakuna, kwa hiyo, ini moja la Mwafrika, na kipimo kilichokadiriwa kwa Wazungu hakistahili kuwa sheria kwa mtu wa Mpapura.

Zahanati ya kijijini haina mtambo wa kupima nortiriptilini damuni, lakini tabibu ana masikio. Aanze na kidogo, apandishe polepole, na kabla ya kuongeza chochote aulize: je, ulimi wagandamana na kaakaa, choo kimekuwa kigumu, mkojo wakataa kutoka, kichwa chazunguka akiinuka kitandani alfajiri kwenda kuokota korosho? Mambo haya mgonjwa huyavumilia kimya, akidhani ndiyo maradhi yenyewe, au huiacha dawa pasipo kumwambia mtu. Aulizwe pia kama majuma machache yaliyopita alikuwa akitumia fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, kwa kuwa norifluoksetini, mwana mwingine wa ini, husalia mwilini kwa majuma kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, na muda wote huo hukizuia CYP2D6 kufanya kazi yake.