Pipa Hili Lilibeba Nini?

Msikilizaji wa Mikocheni, unataka jiko la kuchomea nyama uani bila kuumiza mfuko? Mafundi wa Gerezani, pale Kariakoo, watakukatia pipa la chuma, watie bawaba na wavu. Lakini uliza kwanza: pipa hili lilibeba nini? Mafuta ya kula, sawa. Dawa ya wadudu, liache, hata ukipewa bure. Fundi akisita kujibu, liache pia. Narudia: lilibeba nini?

Kisha, jiko likikamilika, funga mfuniko. Ukiona uwazi pembeni, moshi utapitia hapo. Chini pawe na tundu la hewa lenye kifuniko, la kupunguzia moto.

Siku ya kwanza choma mkaa mtupu, rangi ya ndani iungue. Na mvua ikikukuta, usiliingize ndani likiwa na makaa. Hewa yake inaua, wala haina harufu.