Nani Atarudi Kusahihisha?



Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, pale Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo. Asubuhi polisi walitangaza kuwa miili 25 imefikishwa Hospitali ya Bwera. Kwa saa ile hesabu ilikuwa sawa. Lakini bweni lilikuwa limeteketezwa, miili mingine haikutambulika kwa macho, na wanafunzi kadhaa walikuwa wametekwa. Mwishowe waliouawa walifika 42, wanafunzi wakiwa 37.

Mfikirie mzazi aliyesimama nje ya chumba cha maiti, simu mkononi. Saa tatu asubuhi inaingia kwa ujumbe hesabu ya 25. Saa kumi jioni inaingia 25 ileile: haina saa, haina mwenyewe, imeshapita mikononi mwa watu wasiojuana. Mwandishi wa gazeti naye aliandika 25. Ila yeye alidaiwa arudi aandike 41, kisha 42, kwa jina lake, mhariri akimuuliza kila namba kaitoa wapi. Kuwajibika, kwangu mimi, ndiko huko kurudi. Kukosea tunakosea sote.

Nchi yetu imelitafuta jawabu la uwajibikaji huo kwenye karatasi. Sheria ya Vyombo vya Habari na Wanahabari ya 1995 inamtaka mwanahabari aandikishwe na awe na cheti cha kazi. Cheti hakijawahi kumrudisha mtu kwenye kosa lake. Mwenye simu asiye na cheti akatungiwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, ambayo kifungu chake cha 25, cha mawasiliano ya kuudhi, kilifutwa na Mahakama ya Katiba Januari 2023. Kabla ya hapo, mwaka 2004, Mahakama ya Juu ilikwishafuta kosa la kuchapisha habari za uongo, katika kesi ya Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda. Naziunga mkono hukumu zote mbili, kwa sababu tuliyoiona hapa hapa Kasese.

Tarehe 27 Novemba 2016, siku jeshi lilipovamia ikulu ya mfalme wa Rwenzururu na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha katika siku hiyo na ile iliyotangulia, Joy Doreen Biira, mtangazaji wa KTN ya Kenya, alikuwa amekuja nyumbani kwa sherehe ya jadi ya ndoa yake. Alikamatwa kwa ajili ya picha za ikulu ikiungua alizozisambaza mtandaoni, akashtakiwa kusaidia ugaidi. Baadaye mashtaka yaliondolewa. Ikulu iliungua kweli! Je, siku ile alikuwa mwanahabari au binti wa Kasese tu mwenye simu? Swali hilo silioni uzito wake. Alitia jina lake, na jina hilo ndilo lililomponza. Ukimkamata aliyejitaja, unawafundisha wengine kujificha, na aliyejificha hawezi kudaiwa masahihisho.

Hapa Kabatoro, ziwani, kila shimo la chumvi lina mwenyewe. Mnunuzi akipata gunia lenye tope anajua amrudie nani, na mwenye shimo hafungwi: anampa chumvi safi, au anakosa mteja msimu ujao. Habari nazo zinataka mwenyewe wa namna hiyo.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wa redio: kosa lililosomwa saa moja jioni lisahihishwe saa moja jioni, si usiku wa manane. Nanyi vijana mnaoandika kwa simu, tieni jina, mahali na saa, mseme mmeona au mmeambiwa. Na kama ujumbe ule wa watu 25 bado umo kwenye simu yako, mwandikie tena leo uliyemtumia: walikuwa 42.