Baiskeli katika Bustani ya Mungu



Baiskeli imerudi mijini. Zamani ilikuwa ya kubebea mkaa, maziwa na, mungu akijalia, mchumba. Leo mtu ana gari lake nyumbani, lakini Jumapili alfajiri unamkuta na kofia ngumu kichwani, anahema kupanda mlima kwa hiari yake mwenyewe. Sina ugomvi naye. Ila nasikia vijana hawa sasa wamechoshwa na lami na daladala, wanataka kwenda kupanda Kitulo, tena wakati wa maua. Hapo naomba tuzungumze.

Kwa wasiopafahamu, Kitulo iko Nyanda za Juu Kusini, kwenye uwanda wenye mwinuko wa kama mita 2,600, katikati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 palitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na sababu haikuwa simba wala tembo. Ilikuwa ni maua. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, na kati ya hizo aina 45 ni za okidi zinazoota ardhini. Ni hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea.

Maua hayo huanza kufunguka mvua zinaposhika, kuelekea mwisho wa Novemba, na huendelea hadi Aprili. Kwa hiyo msimu wa maua ndio huo huo msimu wa tope, na shida yote ya baiskeli Kitulo imejificha humo.

Mwendesha baiskeli akikuta dimbwi katikati ya njia hufanya nini? Hukwepa. Anapanda pembeni kwenye nyasi, anapita, anarudi njiani, viatu vyake vikavu. Anayemfuata anakuta pembeni pameshakuwa tope, naye anasogea zaidi. Wakipita ishirini, njia iliyokuwa ya futi mbili imekuwa uwanja. Mwenye gari akifanya hivyo tunamlaani. Mwenye baiskeli tunasema ni mwangalifu! Na ardhi ile iliyoloa haisahau upesi. Tairi jembamba lenye meno, limebeba uzito wa mtu mzima, linachora mfereji. Mvua ya jioni inaufuata mfereji huo kuteremka mlima, inachukua udongo, na wiki ijayo mfereji umekuwa korongo dogo. Basi kama njia ina tope, pita katikati ya tope. Ukishindwa, shuka usukume, lakini humo humo njiani. Na kama hutaki kuchafuka, subiri kiangazi, ingawa maua utakuwa umeyakosa.

Mtu ataniambia: bwana wee, nyasi ni nyasi, zikilazwa leo kesho zinasimama. Okidi si nyasi. Uhai wake uko chini, kwenye viazi vyake. Kwa kawaida huwa na viwili: kimoja cha zamani kinacholisha ua la mwaka huu, na kingine kipya kinachotunzwa kwa ajili ya mwaka unaofuata. Mbegu zake ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula ndani, na haziwezi kuota mpaka zikutane na aina fulani ya kuvu udongoni wa kuzisaidia. Ndiyo maana mche mmoja huchukua miaka kabla ya kutoa ua. Unapopita nje ya njia, hata mahali ambapo huoni ua lolote, huenda umepita juu ya ua la mwakani.

Viazi hivyo vina historia nyingine, ndugu wasikilizaji. Wenzetu wa Zambia huvitwanga, wakavichanganya na unga wa karanga, wakapika chakula kiitwacho chikanda. Kwao vimeadimika, na kwa miaka mingi wafanyabiashara wamekuwa wakivitafuta Nyanda za Juu za kwetu. Mwanakijiji akichimba anaondoka na kiazi cha zamani na kipya pamoja, na mmea umekwisha. Sheria ya hifadhi inamkataza, na akikutwa na jembe ndani ya mpaka atajieleza. Hawezi hata kuchunga ng'ombe mahali ambapo pengine baba yake alichunga. Sasa mwambieni mtu huyo ametii, halafu Jumamosi anaona wageni kutoka mjini, wenye baiskeli za bei ya ng'ombe kadhaa, wanakata kona katikati ya maua ili wapigwe picha. Atatuelewaje? Mimi ningekuwa yeye, jembe ningelichukua tena.

Kuna ndege pia. Tandawala, yule ndege mkubwa mwenye miguu mirefu, hutaga chini kwenye nyasi. Mbayuwayu wa buluu, ambaye ni adimu katika Afrika nzima, hujenga kiota chake kwenye mashimo ya ardhini, naye huzaa wakati huu huu wa mvua. Baiskeli haina mngurumo. Inamfikia ndege kabla hajajiandaa. Akiruka, yai linabaki kwenye baridi ya Kitulo, na baridi ile anayeijua anaijua.

Kuhusu taratibu nitasema kwa kifupi. Hifadhi ina ofisi yake Matamba. Ulizeni huko kabla ya safari, siyo mkifika: njia ipi inaruhusiwa kwa baiskeli, ipi ni ya miguu tu, na ipi imefungwa kwa mvua. Chukueni mwenyeji wa kuwaongoza na mumlipe vizuri. Osheni matairi na cheni kabla ya kupanda, maana tope la shambani huja na mbegu za magugu. Na mkipita vijijini, punguzeni mwendo, mpige kengele, msalimie wazee. Wao walipanda baiskeli milima ile kabla yenu, tena wakiwa na gunia la viazi mviringo nyuma, bila gia.

Wanaopandia Chimala watakutana na ule mlima uitwao Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Kuupanda ni jasho tu. Kuuteremka kwenye utelezi, na malori yanapanda, ni habari nyingine. Breki zikaguliwe Matamba, kabla ya kona ya kwanza.