Chai Yetu na Haja ya Mnunuzi
(Hotuba kwa watu wa Rungwe)



Nimetakiwa niseme habari ya namna viwanda vinavyopanga kazi ili kutimiza haja ya wanunuzi. Mfano tunao hapa hapa kwetu. Chai ilipandwa Kyimbila, karibu na Tukuyu, mwaka 1904, zamani za Wadachi; na baadaye viwanda vya Katumba na Mwakaleli vikapokea majani ya wakulima wadogo.

Wengi hudhani ya kuwa kazi ya kiwanda huanza gari la majani lifikapo mlangoni. Sivyo. Huanza katika kikombe cha mnunuzi, ikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye vidole vya mchumaji. Mnunuzi ataka chai yenye nguvu, ikoleayo rangi upesi. Basi fundi hujiuliza: Niikaushe vipi? Niikate vipi? Nipate majani ya namna gani? Jibu la swali la mwisho mwalijua: majani mawili na chipukizi lake. Jani lililokomaa halifanyi chai njema, hata mashine iwe bora namna gani.

Jambo la pili ni wakati. Mahindi hungoja ghalani. Jani bichi la chai halingoji. Likishindiliwa katika gunia hupata joto na kuharibika. Kiwandani hutandazwa linyauke, yapata saa 12 hata 18. Kisha hukatwa na kusagwa, huachwa ligeuke rangi kwa saa moja au mbili, hukaushwa kwa hewa ya moto mpaka maji yaliyosalia ni kama sehemu 3 katika 100, ndipo huchekechwa. Kazi hii haisimamishwi katikati. Lakini chai iliyokwisha kukauka, ikihifadhiwa mbali na unyevu, yaweza kungoja miezi. Kwa hiyo kiwanda chenye busara huweka akiba yake mwisho wa kazi, wala si mwanzo.

Tena katika majani ya siku moja hutoka chai za namna nyingi, tangu chembe kubwa mpaka vumbi, na kila namna ina mnunuzi wake. Waonjaji wa mnada wa Mombasa hupima kila fungu kwa ulimi na kwa macho. Halafu wafungaji wa pakiti huchanganya chai za viwanda vingi, ili mnywaji aione ladha ile ile mwaka mzima.

Sasa sikilizeni jambo linalotugusa sisi. Wakati wa mvua majani huota kwa wingi. Wakati wa baridi hupungua. Lakini mashine ni zile zile. Ndiyo sababu vijiji hugawiwa siku za kuchuma. Kijiji kikiruka siku yake, jani hukomaa shambani. Vijiji viwili vikija siku moja, nafasi ya kunyaushia hujaa, na majani huharibika mlangoni. Na kwa kuwa kilo 1 ya chai kavu hutaka zaidi ya kilo 4 za majani mabichi, hasara ya magunia machache ni jasho la watu wengi.

Na hasara hiyo haichagui. Jani langu na la jirani huingia mashine moja. Mmoja akificha majani makuukuu chini ya gunia ili apate uzito, muonjaji hamjui mtu huyo. Ajua chai ya Rungwe tu, na bei hushuka kwa wote.

Kiwanda nacho kina wajibu wake: gari lifike siku iliyotangazwa, mizani iwe ya haki, na malipo yasicheleweshwe. Mkulima asiyelipwa kwa wakati hawezi kupalilia wala kuwapa wachumaji ujira, na shamba likiingia magugu kiwanda kitakosa majani.

Basi, Wazee, zisimamieni zamu za kuchuma. Walimu, wafundisheni watoto hesabu hii ya kilo 4 na kilo 1. Nasi wakulima tuchume kama watu watakaoinywa chai hiyo wenyewe.