Afisa usalama asiye na sauti

Ukipita mitaa ya Kariakoo au Upanga utaona maghorofa yanavyopanda, na kwenye uzio wa mabati utakuta bango: "Usalama Kwanza". Leo nataka nizungumze nawe juu ya mtu anayelipwa ili maneno ya bango hilo yawe kweli. Wengine humwita afisa usalama, wengine mratibu wa usalama. Vibarua niliofanya nao kazi waliniita Bwana Kofia, kwa sababu kila asubuhi waliniona nikigawa kofia ngumu na kila jioni nikizikusanya. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka kadhaa, kwa hiyo sisemi ya kusikia.

Kazi yenyewe si kofia. Kofia ni kinga ya mwisho, mengine yote yakishashindikana. Mratibu wa usalama yupo ili kazi ya huyu isimuue yule. Kwenye saiti moja kuna wachimbaji, wafunga nondo, maseremala na mafundi umeme, na kila kundi lina mnyapara wake anayetaka kumaliza mapema. Seremala anang'oa nguzo zilizoshikilia zege kwa sababu anazihitaji ghorofa ya juu, kumbe zege lenyewe bado changa. Kwa kawaida nguvu ya zege hupimwa baada ya siku 7, kisha siku 28, lakini nguzo zinatakiwa leo! Fundi umeme naye anaacha tundu wazi sakafuni, anakwenda kunywa chai, na saidia fundi mwenye karai kichwani hawezi kutazama chini. Hakuna mjinga hapo. Kila mmoja anaiona kazi yake tu, na ndiyo maana anatakiwa mtu wa kuziona zote kwa pamoja.

Nikupe kisa. Ilikuwa wakati wa masika, tukichimba mtaro wa maji taka wenye kina cha kama meta 3. Kuta zilisimama wima bila hata ubao wa kuzizuia, na udongo uliotolewa ulirundikwa ukingoni kabisa. Meta moja ya ujazo ya udongo huweza kuzidi tani moja na nusu. Ukimfunika mtu hadi kifuani tu anaweza kushindwa kupumua, hata kama kichwa kiko nje. Nikamwambia msimamizi awatoe watu. Akanijibu mbele yao: "Wewe gawa kofia, mtaro niachie mimi." Nikaandika kwenye daftari langu, tarehe na saa, nikaondoka. Ndiyo, niliondoka, na hilo linanisumbua hadi leo, maana wale vijana wanne walikuwa wakinitazama kutoka chini, wakingoja nitasema nini zaidi.

Saa saba mchana mama ntilie akafika na masufuria yake. Vijana wakapanda juu kula. Hawajamaliza ugali, ukuta wa upande wa barabara ukaporomoka, ukafunika makoleo, ndoo na jozi moja ya kandambili. Aliyewaokoa ni mama ntilie, si mimi. Kesho yake mbao zililetwa. Fedha ambazo siku zote hazikuwapo zilionekana mara moja. Mwezi uliofuata mkataba wangu ulikwisha na haukuongezwa. Niliambiwa nachelewesha kazi.

Je, tumekosa sheria? La hasha. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo, Na. 5 ya mwaka 2003, na wakala wa serikali wa kuisimamia, OSHA, upo. Hata hivyo, Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 jengo jingine likaporomoka Kariakoo, likawafukia wafanyabiashara na wateja wao. Mkaguzi wa serikali hawezi kushinda kutwa nzima kwenye kila saiti. Anayeshinda pale ni afisa usalama, naye analipwa na mtu yule yule anayetakiwa kumzuia.

Wenzetu wa Ulaya walilitazama jambo hili mwaka 1992. Walipitisha agizo kwamba popote panapofanya kazi makandarasi zaidi ya mmoja awepo mratibu wa usalama, ateuliwe na mwenye mradi au msimamizi wa mradi wake, tena tangu michoro inapoandaliwa. Angalia hapo: mratibu si mtu wa mnyapara. Nao Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu kutokea. Ni haki nzuri. Lakini kibarua wa kutwa akijiondoa saa nne asubuhi, jioni atalipwa na nani? Ndiyo maana nasema mikataba yetu ya ujenzi iandikwe wazi kwamba mratibu akisema simama, kazi inasimama, na vibarua wanalipwa siku yao kamili.

Wala usidhani nasema na wenye maghorofa peke yao. Wewe unayejenga kidogo kidogo kule Goba au Chanika, ukienda Jumamosi kumtazama kijana anayekuchimbia shimo la choo, mwenye mradi ni wewe. Shimo likishampita kimo, usianze kwa kumuuliza atamaliza lini. Tazama kwanza udongo umerundikwa umbali gani kutoka ukingoni, kuta zimezuiwa na nini, na kama ipo ngazi ya kutokea.