Stasioni ya Mungbere: treni haiji tena, udongo unagombaniwa



Tuliomba kusema nanyi juu ya stasioni ya zamani, kwa sababu ugomvi wa juma lililopita ulianzia pale. Baba mmoja aliyekimbia vita alilipa pesa ya kiwanja kando ya reli. Alipoanza kulima, mwenyeji akamwambia, "Shamba hili ni langu." Mapanga yakaonekana. Mama zetu ndio walioingia kati, tunawashukuru.

Basi tukumbuke kidogo. Kampuni ya Wabelgiji, Vicicongo, ilianza reli hii miaka ya 1920 kutoka Aketi, penye mto Itimbiri. Ilipita Isiro, iliyoitwa Paulis wakati ule, na mwaka 1937 ikafika Mungbere. Hapa ndipo mwisho wake. Ilikuwa reli nyembamba, sentimita 60 tu toka chuma hadi chuma. Hata mtoto aliweza kuiruka. Pamoja na matawi yake ilikuwa na zaidi ya kilomita 1,000. Ilibeba kahawa na pamba, na pamba ile babu zetu walilimishwa kwa nguvu, kwa hiyo tusiisifu mno. Lakini gunia lililopakiwa hapa liliweza kufika mtoni na kuingia katika meli.

Haikufa siku moja. Vyuma vilichakaa bila kutengenezwa, kisha vita vya 1996 hadi 2003 vikaimaliza. Majani yakaota, watu wakalima. Kisha, tangu mashambulizi ya LRA ya Desemba 2008 huko Faradje na kwingineko, Haut-Uélé imejaa watu wanaotafuta pa kulala.

Sasa kiwanja kile ni cha nani? Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Mwenyeji aliyelima pale miaka mingi asikilizwe. Jasho lake si kitu kidogo. Lakini kuuza hawezi, wala mkimbizi hawezi kununua kwake. Mashefu, tunawaambia wazi: pesa ile ilipokelewa mkiona.

Jumamosi saa tatu asubuhi tutakutana palepale stasioni, pamoja na mtu wa ofisi ya udongo. Waliolipa waje na karatasi zao, hata ikiwa ni kipande cha daftari. Na aliyepokea pesa, tunamwomba aje pia.