Uchumba wa Barazani na Uchumba wa Simu
Maneno ya Mwenyekiti, Sherehe ya Kutimiza Miaka Kumi



Tunamshukuru Mungu kutufikisha mwaka wa kumi tukiwa na daftari letu, sanduku letu na funguo zake tatu. Hesabu atasoma mweka hazina. Sisi tumeombwa tuseme juu ya uchumba wa jana na wa leo. Mtauliza, uchumba na kuweka na kukopa wapi na wapi? Subirini kidogo.

Sisi tuliokulia Kariakoo miaka ya 70 na 80 tunazikumbuka nyumba zetu za Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, baraza mbele. Kijana akipita mara tatu Mtaa wa Sikukuu bila shughuli, watu wa barazani wameshajua anamtaka nani. Barua tulizipitisha kwa watoto waliotumwa mafuta ya taa. Dansi likipigwa DDC Kariakoo, wengi wetu tuliishia kulisikia kwa mbali. Zawadi ilikuwa doti ya kanga, na kabla ya kuifunga tulisoma kwanza jina lake, maana kanga husema kile ambacho mtu kashindwa kutamka.

Mwenye nia alituma mshenga. Barua ya posa ililetwa kwenye kitambaa na fedha kidogo ndani, na haikujibiwa siku ile. Wazee waliuliza: mtoto wa nani, kazi gani, mkono wake mwepesi? Wakiridhika ndipo ilitajwa mahari, kilemba cha baba na mkaja wa mama. Mwali naye alikuwa na somo wake wa kumfunda.

Lakini tusidanganyane, si yote yalikuwa asali. Wapo kati yetu waliomjua mume siku ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitaka wote wawili waridhike kwa hiari, ila ikaruhusu msichana aolewe na miaka 15 huku mvulana akitakiwa 18. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba hilo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Basi anayesema zamani ilikuwa nzuri aulizwe: nzuri kwa nani?

Leo nyumba nyingi zimekuwa maghorofa, baraza zimekuwa fremu za maduka. Barua imekuwa simu. Watoto wanapendana na kuachana mama hajui hata jina. Mshenga anaitwa mambo yameshaiva, anakuja kutangaza tu. Halafu kicheni pati, sendofu, harusi, kila moja na mchango wake na sare yake.

Sasa tuje kwetu. Mwaka wetu wa nne, binti wa mwenzetu alipata mchumba kwenye simu. Kijana ana maneno matamu, yuko safarini, akirudi analeta barua. Mara mzigo wake umekwama, anaomba asaidiwe. Mama akaja kukopa, akasema anaongeza vitenge dukani. Tukampa. Fedha zikatumwa, na wiki ile ile namba haipatikani.

Mwenzetu hakuonekana kikaoni miezi miwili kwa aibu. Na sisi, tuseme ukweli, tulimsema. Tulimsema sokoni, tulimsema hata msibani. Tulipokwenda kumdai nyumbani tulimkuta binti kalala siku ya tatu hajala. Tukaona haya. Daftari tulilokwenda nalo halikufunguliwa. Tuliongeza muda wa marejesho, mama akalipa mpaka shilingi ya mwisho. Binti leo ni mwanachama, na wote wawili wameturuhusu tuliseme hili.

Tulichojifunza ni hiki. Sisi hatumkopeshi mtu asiye na wadhamini wawili. Mbona tunamkopesha binti yetu kwa mtu ambaye kwao hakujulikani? Mshenga wa zamani alikuwa ndiye mdhamini. Ile sheria ya 1971 inaruhusu kudai mahakamani zawadi iliyotolewa kwa sharti la ndoa kama ndoa haikufungwa, lakini utamshitaki nani, namba iliyozimwa?

Hatusemi tuwafungie ndani. Wachague wenyewe, hata kwa simu. Ila kabla ya fedha, watu wake waonekane. Na kina mama tuwe watu wa kuambiwa. Binti yule alitafuta wa kumuuliza mapema, akaogopa midomo yetu. Hilo deni ni letu, na hatujamaliza kulilipa.

Kidumu kikundi chetu.